Ufa wa Milimita Mbili

Papa Anselme,

Nimelifikia daraja lako. Nimeshuka hadi chini, nimeushika ukuta kwa mkono wangu, na sasa nimerudi hapa Bellevue, nimekaa kwenye kiti chako kile chenye mguu uliofungwa waya, nakuandikia. Najua ungetaka nianze na jibu. Siwezi. Wewe mwenyewe ulinirudishia ripoti yangu ya kwanza ukasema mtu anayeanza na hitimisho ana haraka ya kwenda kula. Basi tulia, leo ni zamu yangu kukuchelewesha mezani.

Nilipoingia katika nyumba hii mwaka 2015 nilikuwa nimevimba kwa hasira. Injenia wa miaka ishirini na sita, diplome ndani ya bahasha ya plastiki, miguu imevimba kwa safari ya basi kutoka Lubumbashi hadi Johannesburg. Unakumbuka kwa nini niliondoka. Mkoa wetu ulikuwa umekatwa vipande vinne, na pale ofisi ya barabara mkuu akatuita mmoja mmoja kutuuliza baba zetu wametoka wapi. Mimi nimezaliwa Lubumbashi, nimesoma Lubumbashi, hata nikiota naota niko Lubumbashi. Lakini baba yangu alitoka Kivu, basi nikaambiwa kila mtu arudi kwao. Nikauliza kwetu ni wapi. Mkuu akacheka tu, akamwita mwingine.

Siku ile ya kwanza nilikukuta umepanda juu ya kiti hiki hiki, umevaa sare ya ulinzi ya Randburg, unapaka kitu cheupe kwenye ukuta wa korido. Kiraka kidogo, upana wa vidole vitatu. Kisha ukatoa msumari mfukoni ukakiandika tarehe. Mama Odette, aliyekuwa akisuka nywele chumba cha mbele, alininong'oneza nisikaribie. Yeye na wenzake wa kanisani walikuwa wameshaukemea ukuta ule mara tatu, na kiraka kimoja wamekibandua kwa jina la Yesu. Kwao, mzee asiyesali sana anayepaka vitu vyeupe na kuandika tarehe ukutani alikuwa na mambo yake. Mimi nilicheka mpaka nikaketi sakafuni, maana nilijua ni nini. Shuleni tulisomeshwa, ila sikuwahi kumwona mtu akikifanya. Ulikuwa unaweka shahidi. Unapaka plasta nyembamba kukatiza ufa na kuandika siku. Ufa ukiwa umelala, plasta inabaki nzima. Ukiwa unatembea, plasta inakatika, na tarehe inakwambia tangu lini. Nje, mvua inakofika, unatumia saruji.

Uliponiona nacheka uliniuliza, bila salamu, nimesoma wapi. Nikakutajia. Ukasema, "Haya, mama wangu, shika kopo." Nikashika kopo miaka minne.

Jumapili ukiwa huna zamu ulinipikia ugali wa bukari na mboga ya sombe, ukanifundisha kusoma nyumba. Tulizunguka Bellevue yote na Yeoville, wewe mbele, mikono nyuma, unasimama mbele ya kuta za watu mpaka wenyewe wanatoka kutuuliza tunataka nini. Ulikuwa unawajibu kwa Kizulu chako kibovu kwamba tunasalimia tu. Na kila Jumapili, sahani zikishaoshwa, ulifika palepale. Daraja. Mwaka 2006, kura inakaribia, wakubwa wanataka kulifungua mbele ya watu na ngoma, na wewe ndiwe wa kutia saini kwamba ni zima. Ukashuka chini na fundi wako, Papa Mukalay, mkakuta kwenye ukuta wa ukingoni ufa wa milimita mbili. Mkaweka shahidi wa saruji. Ukakataa kutia saini. Wakakubembeleza, kisha wakaacha kukubembeleza, na siku ya nne ukavuka mpaka pale Kasumbalesa ukiwa umelala chini ya magunia.

Mimi nilikuona shujaa. Wewe hukujiona hivyo, na hilo ndilo lililokuwa likinitesa. Uliniambia mara nyingi kwamba hujui. Kwamba milimita mbili huenda zikawa saruji tu imekauka vibaya, kwamba injenia mwenye kichwa kisichokuwa kigumu angetia saini na kusubiri. Mama Hélène, mke wako, aliugua akafa kule, na wewe ukiwa na karatasi yako ya ukimbizi hukuweza kwenda kumzika. Siku moja ulisema, ukiangalia sahani, "Nimemwacha mke wangu kwa ufa ambao sijui kama ulitembea." Niliosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Na kumpigia simu Mukalay hukutaka. Ulisema ukimpigia utamletea matatizo. Miaka kumi na mitatu hukumpigia. Papa, ulikuwa mbishi, Mungu akusamehe.

Naandika haya yote unayoyajua kwa sababu nataka uone nilivyokuwa nimebeba swali lako nilipokuwa natembea. Halikuwa langu, lakini lilikuwa limeshakuwa langu.

Hapa niseme na ile ya Randburg, ambayo hukupenda niisimulie. Ule ukuta mrefu nyuma ya maegesho, unaozuia udongo. Ulimwambia msimamizi wa majengo kwamba unaelemea upande. Akakwambia kazi yako ni geti. Ukaweka mashahidi wako, kumi, wakati wa chakula cha mchana, na kila mvua ikipita unaandika kwenye kidaftari. Ukuta ulipoinama kweli waliita injenia wa kampuni kubwa. Akafika, akaona viraka vyenye tarehe, akauliza ni kampuni gani iliyokuwa ikiufuatilia kabla yake. Wakamwonyesha geti. Wewe ulikuwa unamfungulia mtu wa pizza. Ulinisimulia kwamba alisimama pale akikuangalia muda mrefu mpaka ukadhani umefanya kosa, na alipokuuliza kama unatafuta kazi ukamjibu kwamba wewe umezeeka ila una binti. Mimi si binti yako. Nikapata meza, dirisha, na kibali cha kazi chenye picha yangu, kwa neno lako hilo.

Mwezi wa pili mwaka huu moyo wako ukasimama, asubuhi, kabla hujatoka kwenda kazini. Sare ilikuwa imepigwa pasi.

Sasa nikupe habari za matanga, maana hukuwepo, ingawa ulikuwepo. Walinipa mimi kusoma maisha yako, kama ilivyo desturi yetu: kazaliwa wapi, kasoma wapi, kafanya kazi gani. Pasta alitaka niishie kwenye "mlinzi mwaminifu," nisiwachoshe watu. Nikamwambia nitasoma yote. Nikasoma yote. Kisha mwenye protokole akaanza kuita makundi yaje kuweka maua. Kanisa likaenda. Wakaja walinzi wenzako wanne, na sare zao, na mmoja akasema, "Eish, madala, mzee wetu, hukutuambia." Halafu protokole, kwa kuwa alikuwa amesikia niliyosoma, akaita: "Mainjenia."

Papa, nilitamani ardhi inimeze. Uwanja ulikuwa umejaa viti vya plastiki mpaka nje ya geti, na injenia pekee niliyemjua pale ni mimi. Niliona aibu kwa ajili yako, kwamba kundi lako litakuwa mtu mmoja. Nikachukua ua langu, nikasimama, nikaanza kutembea nikiangalia viatu vyangu. Nikasikia viti vinasogea nyuma yangu. Sikugeuka. Nilidhani watu wanapisha njia.

Nilipoweka ua na kugeuka nilikuta foleni. Shabani Mrundi, anayetushonea nguo kwenye kona, injenia wa umeme. Yule anayeuza chaja za simu pale kwenye robot, taa za barabarani, wa migodi. Mzee anayelinda magari ya watu Rockey Street, yule uliyekuwa ukimpa salamu kila asubuhi, wa reli, mkuu wa stesheni nzima. Na wa mwisho, akijifuta mafuta ya nywele mikononi, Mama Odette. Injenia wa kilimo. Miaka minne amenisuka kichwa changu, amenisimulia mpaka ndoto zake, na hakuwahi kutamka hilo. Alipofika mbele yako aliinama akasema polepole, "Unisamehe kile kiraka." Watu wengine hawakuelewa. Mimi nililia hapo hapo.

Protokole naye akapagawa. Akaita madaktari, wakasimama watatu. Akaita mahakimu na mawakili. Akaita walimu, na hapo ndipo viti vikaisha watu, kumbe nusu ya uwanja walikuwa walimu. Maua yalikwisha, wakaanza kuchuma majani ya uzio. Niliangalia viti vile vitupu. Nyumbani husema penye miti hapana wajenzi. Mimi nilikuwa nimewaona wajenzi. Walikuwa wamejipanga Bellevue, kila mmoja na jani mkononi, na miti imebaki kule peke yake.

Tulipokuwa tunakula nilisikia hadithi zao, maana mdomo ukishafunguka haufungi. Mmoja alikataa kununua kadi ya chama. Mmoja aliandika hukumu ambayo mkubwa hakuipenda. Mzee wa reli alikataa tu kusema amepokea vichwa vya treni ambavyo hakuvipokea. Hakuna aliyekimbia bomu. Walikimbia sahihi, kama wewe. Na walikuwa wanasimulia huku wakipitishiana chumvi, kwa sauti ya kawaida kabisa, mimi nimekaa katikati yao mdomo wazi. Nilijiona mdogo sana, na nilifurahi kuwa mdogo.

Kijana fulani alipiga video, video ikaenda Lubumbashi kama zinavyokwenda. Mwezi wa sita simu yangu ikalia, namba ya kwetu. Mtu akajitambulisha: Mukalay. Sauti ya mzee anayepiga kelele kana kwamba simu ni kisima. Alisema amesikia nikisoma jina lake katika maisha yako. Akasema anastaafu mwisho wa mwaka. Akasema wakubwa wamebadilika, ofisini sasa wanatafuta mainjenia wala hawaulizi baba ametoka wapi, angalau mwaka huu. "Angalau mwaka huu" aliisema yeye mwenyewe, nikampenda kwa hilo. Nikamuuliza daraja. Akasema hilo si jambo la simu, nije nione.

Sikwenda. Ningekwendaje? Nina meza. Kibali changu kinaisha 2023. Wakubwa wa kule wanabadilika kama hali ya hewa, na mimi nilishanyeshewa. Shabani akanionya kwamba akili za kuambiwa nichanganye na zangu. Mama Odette akazidi kukaza msuko.

Halafu mwezi wa tisa vurugu zikazuka mjini. Shabani alifunga cherehani yake siku nne, sisi tukajifungia ndani na taa zimezimwa ingawa umeme siku hiyo ulikuwepo. Nje watu walipita wakiimba kwamba kila mtu arudi kwao. Papa, nilikuwa nimelala chini ya dirisha lako nikaanza kucheka tena, kama ile siku ya kwanza, mpaka Mama Odette akaniziba mdomo kwa mkono. Maneno yale yale. Nimesafiri nchi tatu kuyakimbia, na yenyewe yamepanda basi yakanifuata.

Lakini kesho yake niliogopa kitu kingine. Niliogopa kwamba nitaondoka hapa kama nilivyoondoka kule, kwa hasira. Nilitaka safari hii niende mahali kwa sababu ya kitu kilichoko pale. Nikaomba likizo ya wiki mbili, nikaenda kuangalia kama kipo.

Haya, umefika kwenye hitimisho lako.

Mukalay ni mfupi kuliko nilivyodhani. Alinisubiri barabarani na kofia yake ya kazi, imepauka mpaka haina rangi. Kabla ya daraja kuna mawe makubwa mawili katikati ya njia. Baiskeli za makaa zinapita, gari dogo linapita kwa kujibana, lori la mgodini haliwezi. Nikauliza nani ameyaweka. Akasema yeye. Kila mkubwa mpya anaamuru yaondolewe, na kila mkubwa mpya yeye humwomba ashuke naye chini kwanza. Wengi wakishuka wanapanda na hawaamuru tena. Mmoja alikataa kushuka, akamfungia siku mbili. Mukalay akatoka, akayarudisha mawe.

Tukashuka. Pana giza kidogo na harufu ya maji. Shahidi wako wa kwanza yupo, kwenye kimo cha kifua. Tarehe yako ya 2006 inasomeka, na herufi mbili za jina lako. Amekatika katikati. Nilijaribu kalamu yangu ya risasi kwenye ufa, ikaingia yote.

Ulitembea, Papa. Ufa wako ulitembea. Hukukosea. Nalirudia hapa ili ulisikie vizuri: hukukosea. Kama ungetia saini, malori yangepita hapo tangu siku ya ngoma, na mimi nisingependa kufikiri nani angekuwa juu.

Nilidhani nitalia, lakini nilikuwa nimeshaona kingine. Juu ya shahidi wako kulikuwa na mwingine. 2007, amekatika. Juu yake 2008. Na 2009. Nikawasha taa ya simu nikaifuata kwenda juu, kiraka baada ya kiraka, kila mwaka mvua zikiisha, mpaka pale ambapo mtu hafiki bila ngazi. Kumi na vitatu juu ya chako. Kumi na viwili vimekatika. Cha mwaka huu kilikuwa bado kizima. Na kwenye kila kimoja, chini ya tarehe, herufi mbili. Zako.

Nikamgeukia Mukalay. Akavua kofia. Akasema yeye ni fundi tu, hana ruhusa ya kuweka sahihi ya injenia, na injenia alikuwa ni wewe, hakuna aliyekuondoa kwa barua. Kwa hiyo kila mwaka alikuja na kopo lake na ngazi aliyoazima, akakuandika kazini. Nikamuuliza alijuaje kwamba aendelee. Akanishangaa. "Injenia alisema tuangalie. Hakusema hadi lini."

Nilikaa chini kwenye mawe yenye maji. Miaka kumi na mitatu wewe unafungua geti Randburg, unajiuliza kama uliiacha nchi bure, na kumbe nchi ina herufi zako mara kumi na tatu ukutani, mbichi kila mwaka. Wewe uliyekataa kusaini mara moja, umesainiwa kila mwaka. Na mimi niliyedhani wenye akili wote wameondoka, kwamba waliobaki ni walioshindwa kupata nauli. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama vile viraka, Papa, na kila kimoja hakizidi vidole vitatu.

Nimerudi juzi. Kazini nimeshawaambia naacha, nahamia kule. Bosi, yule yule injenia wa ukuta wako, aliniuliza kama kule kuna usalama, nikamjibu sijui. Aliniuliza kama wakubwa wakibadilika tena nitafanya nini, nikamjibu hilo nalo sijui. Naogopa, sikufichi. Wanaweza kuniita tena ofisini mwakani na kuniuliza baba yangu ametoka wapi. Nitawaomba washuke nami chini kwanza.

Kiti chako namwachia Shabani, amekitolea macho siku nyingi. Kiraka cha korido bado ni kizima, cha 2015 kile, na mwenye nyumba alipokuja kupaka rangi Mama Odette alisimama mbele yake na kitana mkononi, akamwambia hapo hapaguswi. Sharp, sawa, akasema mwenye nyumba, akapaka kandokando.

Kuna jambo moja nimelibakiza. Kabla hatujapanda kutoka chini ya daraja, Mukalay alichanganya saruji kidogo. Alisema cha mwaka huu kimewekwa sehemu mbaya, anataka kingine huku chini, ambapo mkono wangu unafika. Akapaka mwenyewe, kisha akatoa msumari uliofungwa kwenye kitambaa, akanipa. Nikaandika tarehe. Namba ya tisa imepinda, ungenikemea. Halafu alingoja. Mimi ndiye injenia pale, na alikuwa ananingoja niandike herufi zangu.

Niliandika zako. Nilikuwa bado na tiketi ya kurudi Johannesburg mfukoni, nikaona sina haki.

Kaa salama huko uliko, Papa wangu, na umpe mkono Mama Hélène, umwambie jibu. Herufi zangu nitaziandika mwakani mvua zikiisha, nikiwa naishi pale. Mukalay ameniachia msumari.

Mshika kopo wako,
Neema